Tarakimu Tatu za Mwanzo: Maktaba, ISBN na Historia ya Matoleo ya Kiswahili

Mnamo tarehe 1 Januari 2007, nambari ya kimataifa ya utambulisho wa vitabu, maarufu kwa kifupi chake ISBN, ilirefushwa kutoka tarakimu kumi hadi kumi na tatu. Sababu kuu zilikuwa mbili: akiba ya nambari katika baadhi ya makundi ilikuwa ikipungua, na biashara ya vitabu ilitaka nambari yake ilingane kikamilifu na msimbopau wa bidhaa nyinginezo. Wakutubi hawakuwa chanzo cha shinikizo hilo. Hata hivyo, wao ndio waliorithi kazi ndefu zaidi, kwa kuwa duka huuza kitabu na kukisahau, ilhali maktaba hukitunza pamoja na rekodi yake.

Historia ya awali ya nambari hii haikuwa imewaandaa kwa kazi hiyo. Mfumo uliobuniwa na mtaalamu wa takwimu Gordon Foster ulianza kutumika Uingereza mwaka 1967 ukiwa na tarakimu tisa. Ulipofanywa wa kimataifa kwa kiwango cha ISO 2108 cha mwaka 1970, nambari za zamani ziliongezewa sifuri tu mbele. Katika hesabu ya wakati ule sifuri hiyo haikubadilisha kitu, hivyo tarakimu ya mwisho, ambayo kazi yake ni kufichua makosa ya unakili, ilibaki vilevile.

Mwaka 2007 mambo yalikuwa tofauti. Tarakimu ya mwisho ya nambari ya zamani ilikokotolewa kwa kigawanyo cha 11, na pale ilipopaswa kuwa kumi iliandikwa X. Ya nambari mpya hukokotolewa kwa kigawanyo cha 10. Chukua nambari ya kubuni ya kundi la Tanzania, 9976-1-2354-X. Ikitanguliwa na 978 huwa 978-9976-1-2354-8. Herufi imetoweka, na badala yake kuna tarakimu isiyohusiana nayo. Kwa kompyuta inayolinganisha nambari herufi kwa herufi, hivyo ni vitabu viwili.

Maktaba kubwa zilianza mapema. Maktaba ya Bunge la Marekani iliruhusu nambari ndefu katika rekodi zake tangu Oktoba 2004, na desturi iliyoenea ni kuweka nambari zote mbili katika rekodi moja, kila moja katika uga wake wa 020. Njia nyingine ilikuwa kuifundisha programu ya katalogi kubadili nambari fupi kuwa ndefu pale msomaji anapotafuta. Njia hii ya pili ni nadhifu, lakini haipaswi kugeuzwa: nambari zinazoanza na 979 hazina mwenzake mfupi kabisa, na anayekata tarakimu tatu za mwanzo na kukokotoa upya huishia kwenye nambari isiyo ya kitabu hicho, na huenda ikawa ya kitabu kingine.

Kwa mtafiti wa fasihi ya Kiswahili, suala hili si la mafundi peke yao. ISBN hutambulisha toleo, si kazi ya mwandishi wala chapa. Kitabu kikichapwa tena bila kubadilishwa, nambari yake inapaswa kubaki. Sasa riwaya iliyotolewa katika miaka ya 1990 na kuchapwa tena baada ya 2007 huweza kubeba nambari fupi katika nakala moja na ndefu katika nyingine, huku matini yakiwa yaleyale hadi nukta ya mwisho. Penye katalogi isiyounganisha nambari hizo, huzaliwa rekodi mbili. Anayehesabu matoleo kutoka katika katalogi hiyo ili kupima jinsi riwaya ilivyopokewa huhesabu toleo ambalo halikuwahi kuwapo. Kosa hili ni zito kuliko linavyoonekana, kwa sababu wahakiki wamezoea kuchukulia wingi wa matoleo kuwa ushahidi wa umaarufu.

Hata makundi yenyewe hayasemi yanachodhaniwa kusema. 9966 ni Kenya na 9970 ni Uganda, wakati Tanzania ina 9976 na 9987; lakini kitabu cha Kiswahili kilichotolewa chini ya nambari za mchapishaji wa Uingereza huanza na 0 au 1, alama za kundi la nchi za Kiingereza. Hakuna kundi la Kiswahili. Kuchuja katalogi kwa tarakimu za kundi ili kupata vitabu vya Kiswahili ni kupata mipaka ya dola na ya kampuni.

Kisha kuna vitabu visivyo na nambari yoyote. *Kusadikika* ya Shaaban Robert ilitolewa mwaka 1951, miaka kumi na sita kabla ya mfumo wa Foster kuanza. Katika ulinganishaji wa rekodi unaotegemea nambari, chapa hiyo ya kwanza haina cha kulinganishwa nacho, na maisha ya kitabu huonekana kuanzia kwenye chapa za baadaye zilizopewa nambari. Mkutubi anayetaka kuiunganisha na nyingine hurudia vigezo vya kale: jina la kitabu, mchapishaji, mwaka, idadi ya kurasa, na nakala yenyewe mkononi.