Baleti: Dansi ya mfalme iliyobebwa na watoto wa watumishi

Aprili 29, 2027 itatimia miaka 300 tangu azaliwe Jean-Georges Noverre, Mfaransa ambaye siku yake ya kuzaliwa huadhimishwa kila mwaka kama Siku ya Dansi Duniani. Hapa kwetu Tanzania siku hiyo hupita kimya. Huja siku tatu tu baada ya Sikukuu ya Muungano, wakati halaiki ya watoto wa shule imeshatawanyika na watoto wamerudi madarasani.

Kurasini, kata ya Temeke jijini Dar es Salaam, ni jirani wa Uwanja wa Uhuru, ambako halaiki nyingi zimefanyika. Wengi wanaijua kata hii kwa matangi ya mafuta, malori ya makontena na Daraja la Nyerere lililozinduliwa mwaka 2016. Nyumba nyingi zimebomolewa kupisha bandari na shughuli zake, na nyua walimocheza watoto zimekwenda nazo. Ukitaja baleti hapa, utaambiwa kuwa hiyo ni dansi ya Wazungu wenye fedha, haimhusu mtoto wa kuli. Historia ya baleti yenyewe inasema vingine.

Ni kweli ilianzia kwa wakubwa. Ilizaliwa katika majumba ya watawala wa Italia, ikahamia Ufaransa, na huko ikampata Mfalme Louis wa 14. Mwaka 1653, akiwa na miaka 14 tu, mfalme huyo alipanda jukwaani katika onyesho la usiku kucha akiwa amevalishwa kama jua linalochomoza. Jennifer Homans, mchezaji wa zamani aliyeandika historia ya baleti iitwayo Apollo's Angels (2010), anasisitiza kuwa dansi hiyo ilikuwa kwanza ni somo la adabu: namna ya kusimama mbele ya mkubwa, kuinama, kupita na kutoa mkono. Mtu aliyelelewa Pwani, anakoangaliwa hata jinsi anavyopokea kikombe, hatashangaa.

Kisha ukazuka ugomvi uliotikisa Paris. Tangu mwaka 1321 wapiga muziki wa mji huo walikuwa na chama chao, na walimu wa dansi walihesabiwa humo humo, kwa kuwa walifundisha huku wakipiga fidla ndogo. Chama ndicho kilichoamua nani afundishe na nani asifundishe. Mwaka 1661 Louis akateua walimu 13 wa dansi, akawaundia Akademia ya Kifalme ya Dansi na kuwatoa mikononi mwa chama.

Wapiga fidla wakaja juu. Kiongozi wao, Guillaume Dumanoir, ambaye cheo chake rasmi kilikuwa Mfalme wa Wapiga Fidla, alishikilia kwamba dansi ni mfuasi wa muziki na haiwezi kujitenga. Wale 13 wakajibu kwa maandishi kuwa dansi, katika upande wake ulio bora, haihitaji ala hata moja. Shauri likafika kwa mahakama kuu ya Paris, na mwaka 1662 hati ya mfalme ikasajiliwa. Dumanoir alishindwa lakini hakunyamaza: mwaka 1664 akachapisha kitabu kizima kutetea ndoa ya muziki na dansi.

Sisi tuliokulia kwenye mdundiko wa Wazaramo tungekuwa upande wa Dumanoir, maana hakuna anayetoka kucheza mdundiko kabla ngoma haijalia. Hata hivyo ushindi wa wale walimu uliacha faida kubwa: dansi ikapata walimu wake na masomo yenye mpangilio. Pierre Beauchamp, mwalimu wa mfalme, ndiye anayetajwa kuwa alipanga mikao mitano ya miguu ambayo bado ni alfabeti ya baleti.

Mtoto anayeanza leo huanzia hapo hapo. Katika mkao wa kwanza visigino hugusana na vidole hutazama nje. Mguu hugeuzwa kutoka kwenye nyonga. Anayelazimisha goti huumia. Mkono mmoja hushika mti wa mlalo uliofungwa ukutani, magoti yanakunjwa taratibu, mgongo ukiwa wima. Hiyo ndiyo plie, na kila mruko huanzia na kuishia kwayo, kwa sababu goti lililokunjwa ndilo linalopokea uzito wa mwili unapotua. Kusimama kwa ncha za vidole katika viatu vigumu huja baadaye, kwa kawaida si kabla ya miaka 11 au 12, mifupa na misuli ikiwa imekomaa kiasi. Hatua za mwanzo kabisa mtoto anaweza kuzijifunza kwa miguu mitupu.

Noverre, tuliyeanza naye, alikuja karne moja baada ya Akademia ya Louis. Katika barua zake za mwaka 1760 aliwataka wachezaji wavue barakoa na mavazi mazito, uso na mwili visimulie kisa.

Lakini mwaka unaostahili kukumbukwa na mzazi wa Kurasini ni 1738. Mwaka huo Mfaransa mwingine, Jean-Baptiste Landé, alipata ridhaa ya Malkia Anna wa Urusi kufungua shule ya dansi St. Petersburg. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa wavulana 12 na wasichana 12, watoto wa watumishi wa ikulu. Kutoka katika shule hiyo alikuja kutokea Anna Pavlova, binti wa mfua nguo, aliyesifika dunia nzima. Sifa ya baleti ya Urusi, pamoja na The Nutcracker iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1892, ilijengwa na shule iliyofungua mlango kwa watoto wa wafagiaji na wapishi.

Kwetu, Desemba 10, 1962, Mwalimu Nyerere alilihutubia Bunge na kusikitika kwamba wasomi walijivunia rumba na chacha huku hawajui ngoma za gombe sugu, mangala wala lele mama. Akaunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Wengi hukumbuka lawama hiyo tu, ilhali katika hotuba hiyo hiyo alikemea pia taifa linalokataa kujifunza kwa wengine. Kikaja Kikundi cha Taifa cha Ngoma; mwaka 1981 mafunzo yakawa ya Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho tangu 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa).

Majirani zetu wamethubutu. Kibera, Nairobi, mwalimu Mike Wamaya amefundisha baleti katika darasa lililoondolewa madawati, watoto wakiwa miguu mitupu. Mwaka 2017 aliingia katika kumi bora wa Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani. Mwaka huo huo Joel Kioko, kijana aliyekulia mtaa duni wa Nairobi, alikwenda kusoma English National Ballet School, London.

Temeke haikosi vipaji, na haihitaji kuchagua kati ya mdundiko na baleti. Mwili uliofundishwa kuhesabu, kusikiliza na kusimama wima unafaa kwa vyote viwili. Halaiki imeshathibitisha kuwa tunaweza kukusanya mamia ya watoto wa shule za kata na kuwafundisha hatua wakazifuata bila kukosea. Kosa letu ni kuwafundisha kwa ajili ya sherehe tu, kisha kuwaacha. Wahitimu wa Bagamoyo wapo, madarasa huwa matupu Jumamosi, na mti wa ukutani ni kazi ya fundi seremala mmoja. Manispaa ya Temeke ianze na shule moja ya Kurasini na watoto 24, idadi ile ile iliyoitosha St. Petersburg.