Waganga wa Goma na Kipindupindu cha Mwaka 1994

Tumezoea kumhukumu mganga kwa jambo moja tu: mgonjwa wake amepona ama amekufa? Lakini mganga ana madeni mengine, na hapa kwetu Goma madeni hayo yalidaiwa mbele ya macho ya dunia nzima mwaka 1994.

Katikati ya Julai mwaka ule, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, watu wapata 800,000 walivuka mpaka kwa siku chache. Walilala barabarani, viwanjani, penye kuta za makanisa. Halafu wengi walipelekwa Kibumba, Katale na Mugunga. Anayeijua ardhi yetu anaijua shida iliyofuata: chini ni mawe ya volkano, jembe haliingii. Huwezi kuchimba choo, wala huwezi kuchimba kaburi. Watu wakanywa maji ya ziwa Kivu. Tarehe 20 Julai kipindupindu kikaonekana, na baada yake kikaja kuhara damu. Katika mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000. Maiti zilikunjwa katika mikeka zikalazwa kando ya njia, na askari wa Ufaransa wakachimba makaburi ya pamoja kwa mashine.

Waganga na wauguzi walikuja kutoka nchi nyingi, na wema wao haukuwa mdogo. Lakini wema peke yake haukutosha. Kipindupindu humwua mtu kwa kumkausha. Akirudishiwa maji upesi, tena ya kutosha, katika wagonjwa mia huenda asife hata mmoja. Mbona basi walikufa wengi hata ndani ya mahema ya tiba? Waganga waliotoka Bangladesh, nchi iliyouzoea ugonjwa huo, walitibu watu pale Katindo, wakachunguza pia vituo vingine, na mwaka 1995 wakaandika waliyoyaona. Wagonjwa walirudishiwa maji polepole mno. Maji ya kunywa yenye chumvi na sukari yalitumiwa kidogo. Serumu nyingine za kutia mshipani hazikufaa kwa ugonjwa ule. Na wahudumu wengi hawakuwa na mazoea ya kutibu kipindupindu kikali. Tena vijidudu vyenyewe vilikuwa vimekwisha kuishinda dawa ya tetrasaiklini.

Neno hili ni zito. Mtu aweza kuja kwa moyo safi, akakesha usiku kucha, na bado akawa na deni la kutojua. Sheria yetu ya makosa ya jinai, iliyowekwa kwa dekreti ya tarehe 30 Januari 1940, nayo hufikiri hivyo: humwadhibu hata yule aliyesababisha kifo bila kukusudia, kwa kukosa kuona mbele au kukosa uangalifu. Sisemi kwamba wauguzi wale walistahili kushtakiwa. Watu walimwagika kama maji ya mto, nani angalikuwa tayari? Ila nasema kwamba huruma haimpi mtu ruhusa ya kutojifunza.

Kipindupindu kilipopungua, swali gumu zaidi likatokea. Katika kambi zile, pamoja na akina mama na watoto, waliingia wakuu wa serikali iliyoanguka, askari wao, na vijana wa Interahamwe waliokuwa wameua. Hao ndio waliotawala kambi. Waliongeza hesabu ya watu wapate chakula zaidi, wakaligawa posho kwa wawapendao, wakawatisha waliotaka kurudi kwao. Na kule Butare, mwezi wa Aprili, wagonjwa walikuwa wametolewa hospitalini wakauawa. Je, mganga amtibu mtu aliyewatoa wagonjwa wenzake vitandani?

Tangazo la Geneva la mwaka 1948, ambalo ni kiapo cha waganga, limekwisha jibu: dini, taifa, kabila wala siasa visisimame kati ya mganga na mgonjwa wake. Upande wa pili, Mapatano ya Wakimbizi ya mwaka 1951 yanakataa kumwita mkimbizi mtu aliyetenda maovu makubwa dhidi ya wanadamu. Lakini kumtenga mtu huyo ni kazi ya mahakama na ya polisi, nao hawakuja kuifanya. Mganga akaachiwa mzigo usio wake.

Mwezi wa Novemba 1994 tawi la Ufaransa la shirika la Médecins Sans Frontières liliamua kuondoka, maana msaada wao ulikuwa unawalisha na kuwatia nguvu wauaji. Matawi ya Ubelgiji na Uholanzi yalibaki hadi mwaka 1995, yakisema mtoto anayeharisha hakuua mtu. Nimewaza sana juu ya jambo hili. Waliobaki nawaelewa kwa urahisi. Waliotoka ilinichukua muda kuwaelewa, maana walimwacha mgonjwa, jambo ambalo mganga halifanyi ila moyo ukivunjika.

Kambi zilivunjwa kwa vita mwishoni mwa mwaka 1996. Tarehe 15 Novemba umati wa watu ukaanza kurudi Rwanda kwa njia ile ile waliyojia. Na mwishoni mwa Januari 2025, M23 ilipouteka mji wetu, hospitali ya Ndosho ilijaa majeruhi, raia pamoja na wenye silaha, nao wauguzi wakafunga vidonda kwa kadiri vilivyoletwa mlangoni.