Kabla Waya Haujafika: Malori, Baridi na Mtu wa Grand Forks

Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Rudolf Diesel, aliyeifanikisha mjini Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, aliitegemea hewa yenyewe. Pistoni inapanda, hewa inabanwa hadi joto lake linapita nyuzi 500, nozeli inapuliza mafuta, nayo yanawaka yenyewe. Hilo nililijua tangu nikiwa utingo wa malori ya Dar es Salaam na Tunduma, kabla sijalisikia jina la Diesel. Pale Makambako, alfajiri za Julai, dereva mwenye betri iliyochoka alikuwa akiliegesha lori mteremkoni tangu jioni. Kukicha analiachia, likikolea mwendo anatia gia, linashtuka na kuunguruma. Tulitetemeka kweli, lakini maji hayakuganda ndani ya rejeta.

Sasa naendesha lori North Dakota, kaskazini kabisa ya Marekani, katika bonde la Mto Red. Kazi kubwa ya huku ni viazisukari. Huchimbwa Oktoba, hurundikwa uwanjani vilima kwa vilima, kisha baridi inavigandisha na sisi tunavisomba kwenda kiwandani mwezi baada ya mwezi. Kwa hiyo msimu mbaya kuliko yote ndio msimu wetu wa kazi. Kipimajoto kikishuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, oili inakuwa nzito kiasi cha kugoma kumiminika. Betri nayo, ambayo ikifika nyuzi 18 chini ya sifuri imeshapoteza karibu nusu ya nguvu zake, ndiyo inayotakiwa kuizungusha injini ndani ya oili hiyo. Unapiga stata, injini inajivuta polepole, hewa inayobanwa inavuja pembeni ya ringi, na joto dogo lililopatikana linamezwa na chuma cha silinda. Mafuta yanapulizwa, hayawaki. Unaona moshi mweupe tu.

Vijana wa Kongo wanaofika mji wetu wa Fargo na leseni mpya huniuliza wakiona waya unaoning'inia mbele ya lori: "Mzee, hili ni la umeme?" Nawajibu, "Hapana mwanangu, ni dizeli. Umeme ni wa kulipasha moto tu." Huwa naendelea kuwasimulia, kwa sababu naona si haki mtu achomeke waya ule kila usiku bila kujua watu waliishije kabla haujakuwapo.

Walikuwa wanaimwaga injini. Mkulima wa nyanda hizi aliyerudi shambani jioni na gari au trekta alifungua rejeta akatoa maji yote, maana yakiganda yanatanuka na kuupasua mwili wa injini. Siku za baridi kali alifungua na oili pia, akaikinga kwenye ndoo akaiingiza jikoni, ikae karibu na jiko la kuni usiku kucha. Asubuhi oili ya moto inarudishwa, maji ya moto yanamiminwa, kisha mtu anashika hendeli na kuzungusha. Asiyetaka usumbufu huo aliweka sufuria ya makaa chini ya sampo akaifunika boneti kwa blanketi, na hapo akawa anachezea moto karibu na mafuta. Wengi waliendelea kufuga farasi miaka mingi baada ya kununua gari, na mimi siwalaumu.

Marubani wa Alaska katika miaka ya 1920 na 1930 walifanya vivyo hivyo. Injini ikizimwa tu, oili inamwagwa ingali moto na kubebwa ndani. Asubuhi injini inavikwa hema la turubai, chini yake linawekwa jiko la kupuliza moto, na mtu anakaa humohumo kulilinda.

Mwaka 1942 jeshi la Marekani lilijenga barabara ya kwenda Alaska kupitia misitu ya Kanada, zaidi ya kilomita 2,400 kuanzia Dawson Creek, ndani ya miezi minane hivi. Theluthi moja hivi ya askari wale walikuwa Wamarekani weusi, wengi wao kutoka majimbo ya kusini yenye joto, wakawekwa kwenye mahema kule kaskazini. Tarehe 25 Oktoba mwaka ule, karibu na Beaver Creek, tingatinga la Koplo Refines Sims Jr., mtu mweusi kutoka kikosi cha 97, lilikutana uso kwa uso na tingatinga la Alfred Jalufka, askari mzungu aliyekuwa akitokea upande wa pili. Njia ikawa imeungana. Eneo hilo lina baridi ya namna gani? Kituo cha Snag, jirani ya hapo, kilipima nyuzi 63 chini ya sifuri tarehe 3 Februari 1947. Huko mashine hazikuzimwa usiku. Ukizizima, ndiyo basi.

Tingatinga kubwa za aina ya D8 za jeshi lile zilikuwa za dizeli, na namna zilivyowashwa inanifurahisha kila ninapoikumbuka. Ubavuni zilikuwa na injini ndogo ya petroli. Dereva anawasha hiyo kwanza, anaiacha ichemke. Maji yake yanapita pamoja na ya injini kubwa, kwa hiyo yanaipasha. Moshi wake unapitishwa kwenye njia ya hewa ya injini kubwa, hewa nayo inaingia ikiwa na joto. Ndipo anaunganisha klachi na kubwa inazungushwa hadi inakubali. Mafundi wale walishaelewa siri yote: ipashe dizeli kwanza, kuwaka kutafuata. Kilichokosekana ni njia ya kupata joto hilo usiku kucha bila mtu kukesha, na bila kuchoma mafuta.

Njia hiyo ilikuja na nguzo za umeme. Mwaka 1935, Rais Franklin Roosevelt alipounda idara ya kusambaza umeme vijijini, karibu mashamba tisa kati ya kumi nchini Marekani hayakuwa na umeme. Kampuni za umeme hazikuona faida ya kuvuta waya kilomita kadhaa kwa ajili ya nyumba moja. Sheria ya mwaka 1936 ikaruhusu serikali kuwakopesha wakulima wenyewe kupitia vyama vya ushirika, wakavuta waya wao. Sisi tuliokulia kwenye ushirika wa kahawa na pamba tunajua mambo hayo yanaweza kwenda vizuri na yanaweza kuharibika. Huku yalikwenda vizuri.

Meneja wa ushirika mmoja wa umeme, Minnkota wa mjini Grand Forks, hapahapa North Dakota, alikuwa mhandisi aitwaye Andrew Freeman. Alikaa katika mji wenye baridi ya kutisha, na kazi yake ilikuwa kuwafikishia wakulima umeme. Akatengeneza hita kwa vipande vya bomba la shaba na waya wa joto uliotolewa kwenye pasi ya zamani. Injini ina boliti nene zinazobana silinda hedi. Freeman alifungua moja, badala yake akatia boliti yenye tundu ndani, na tundu hilo likabeba waya wa joto. Hataza yake ilitolewa tarehe 8 Novemba 1949. Kwangu mimi ni jambo kubwa kwamba kifaa hiki hakikutoka kwenye viwanda vya magari vya Detroit. Kilitoka kwa mtu aliyeishi na tatizo, mahali ambapo nguzo zilikuwa zimeshasimikwa. Miaka 15 kabla yake, akili ileile isingemsaidia mkulima kitu, kwa kuwa shambani hapakuwa na pa kuchomeka.

Baadaye hita ilihamia sehemu nyingine. Bloku ya injini inapotoka kiwandani ina matundu ya mviringo yaliyobaki wakati wa kuisubu, nayo huzibwa kwa vizibo vya chuma. Hita ya lori langu imekaa kwenye tundu moja kama hilo, ubavuni, ikigusana na maji ya injini moja kwa moja. Ina wati 1,500. Nikichomeka, kwa muda hakuna kinachosikika. Kisha, ukiinamisha kichwa karibu na bloku, unasikia mlio mwembamba kama wa birika la chai linaloanza kuimba. Maji ya moto yanapanda, ya baridi yanashuka, yanazunguka yenyewe bila pampu. Saa tatu au nne zikipita, unagusa ubavu wa injini kwa kiganja kitupu na unahisi uvuguvugu, huku vumbi la theluji likipita chini ya magurudumu.

Waya huo umebadilisha hata miji. Fairbanks kule Alaska, na Winnipeg na Edmonton kule Kanada, utakuta viwanja vya maegesho vyenye safu za soketi, kila gari na yake. Lakini hita haimalizi kila kitu. Dizeli ina nta ndani yake. Baridi ikizidi, nta inaganda na kuziba filta, na hapo utapasha bloku hadi kesho bila faida mpaka upate mafuta mepesi ya majira ya baridi. Pia madereva wengi wa masafa marefu, wasiokuwa na soketi njiani, waliendelea kulala na injini ikiunguruma, lita 3 hivi kila saa, hadi majimbo mengi yalipoanza kuwabana kwa sheria za moshi.

Nawaandikia hasa mafundi wa nyumbani. Malori ya mtumba yanayoshuka bandarini Dar es Salaam kutoka Uswidi na nchi jirani zake mara nyingine huja na waya mfupi uliofungwa nyuma ya grili, na nimeona ukikatwa kama takataka. Kuukata hakuna madhara. Lakini ufuateni mpaka unapoishia kwenye bloku. Pale pana muhuri wa mpira ambao umechemka na kupoa miaka mingi, na lori likianza kupunguza maji pasipo na bomba linalovuja, hapo ndipo pa kuangalia kwanza. Toeni hita, tieni kizibo cha kawaida cha chuma, na lori litapanda mlima Kitonga bila wasiwasi.