Hati ya Binti na Wasifu wa Siti

Mtu akivuka miaka hamsini, vitabu alivyovisoma ujanani humrejea kwa sauti nyingine. Siku daktari aliponipima presha akaniamuru nipunguze chumvi na nitembee kila alasiri, nilirudi nyumbani nikakitoa kabatini kitabu cha Shaaban Robert, *Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini*. Nilikinunua kikuukuu nikiwa kijana niliyeiacha skuli mapema, na ndicho kilichonifunza kusoma kwa makini. Safari hii sikutafuta humo ufundi wa lugha. Nilitaka kujua baba wa umri wangu huwaachia nini wanawe, endapo hana shamba la mikarafuu wala nyumba ya kupangisha.

Ilitokea kwamba siku zile binti yangu, ambaye ni muuguzi, alikuwa ameombwa kuimba katika kikundi kimoja cha taarabu hapa mjini. Alikuja kuniomba radhi, nami nikasita. Kama wafanyavyo wazee waliokosa la kusema, nikamfungulia kitabu nikamsomea Utenzi wa Hati, ule ambao Shaaban Robert alimtungia bintiye. Alinisikiliza kwa adabu hadi nilipofika kituo, kisha akauliza: "Baba, huyu si ndiye aliyeandika habari za Siti? Mbona binti yake alimwusia utii, na binti Saad akamsifu kwa kutoka?"

Sikuwa na jibu. Makala haya ni jibu lililochelewa, na naliandika kwa kufuata historia, maana swali lake lina umri mkubwa kuliko sisi wawili.

Usia wa mzazi kwa mwana ni mlango wa zamani katika ushairi wetu. Mfano wake mashuhuri ni utenzi wa Mwana Kupona binti Mshamu, uliotungwa yapata mwaka 1858. Mumewe, Bwana Mataka, alikuwa mtawala wa Siyu katika kisiwa cha Pate, na alipigana na majeshi ya Sultani wa Unguja hadi akafa bila ya kuutoa mji wake. Mjane wake hakuitungia vita ile. Alikuwa mgonjwa, akamwita bintiye, Mwana Hashima, akamtaka aje na wino na karatasi, akamwambia yaliyomo moyoni: dini, adabu, usafi wa mwili na nyumba, na namna ya kuishi na mume kwa maneno mema. Miaka michache baadaye aliaga dunia. Wapo wanaousoma utenzi ule leo wakaona ndani yake mnyororo wa mwanamke. Mimi husoma kwanza haraka ya mama anayejua kwamba ugonjwa haumpi muda, na kwamba mwanawe atabaki katika nyumba ambayo wenye amri si wanawake. Alimpa silaha alizokuwa nazo.

Shaaban Robert aliingia mlango huohuo kutoka upande mwingine. Alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, tarehe 1 Januari 1909, akasoma Dar es Salaam, na tangu mwaka 1926 akawa karani wa serikali ya kikoloni, kwanza katika idara ya forodha, kisha katika ofisi nyingine hadi karibu na mwisho wa maisha yake. Katika serikali ile cheo na mshahara vilifuata rangi ya ngozi kabla ya kufuata akili. Karani Mwafrika, hata angekuwa bingwa wa lugha nzima, alibaki karani. Nyumbani nako kifo kilibisha hodi. Amina, mkewe wa kwanza, alifariki akamwachia watoto, na maombolezo aliyomtungia yamekwisha kuwa sehemu ya kumbukumbu ya kila msomaji wa Kiswahili. Hapo baba akajikuta amekalia kiti cha mama. Usia ambao zamani ulitoka kitandani kwa mama mgonjwa, Tanganyika ulitoka kwa baba mjane mwenye kalamu ya ofisini.

Maisha Yangu ilipochapishwa mwaka 1949, ndani yake zilikuwamo tenzi mbili za namna hiyo: Utenzi wa Adili kwa mwana wa kiume, na Utenzi wa Hati kwa binti. Nimefanya kazi ya kutafsiri kwa miaka mingi, na neno hili "hati" limenishinda kila nilipojaribu kulivusha kwenda lugha nyingine. Hati ni maandishi, lakini ni maandishi yenye nguvu ya sheria: hati ya nyumba, hati ya shamba, hati ya deni. Ndiyo karatasi ambayo warithi huitafuta sandukuni baada ya matanga. Mtu asiyekuwa na mali ya kuandikishana alikaa akamwandikia bintiye hati, akaiita kwa jina hilo hasa. Alimrithisha maneno, akataka yaheshimiwe kama milki.

Lakini binti yangu hakukosea. Maneno ya Hati yanafuata njia ya Mwana Kupona: heshima, utii, stara, maskani. Na ni tabia ya usia wowote kwamba mzazi husema na mwana husikiliza. Katika tenzi zote mbili hatusikii sauti ya binti. Mwana Hashima analeta wino, basi.

Sasa tumtazame Siti. Alizaliwa Fumba, hapa Unguja, mnamo mwaka 1880, katika ukoo uliopitia utumwa, na jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897 alikuwa msichana wa miaka kumi na saba hivi. Sheria ilifuta hali, haikufuta dharau. Aliuza vyungu, akavitembeza kutoka shamba hadi mjini akivinadi kwa sauti, na sauti ile ndiyo iliyokuwa mali yake ya pekee. Mnamo mwaka 1911 akahamia mjini, akafunzwa kuimba na kufuata ala.

Taarabu aliyoikuta ilikuwa ya kasri na ya wakubwa. Seyyid Barghash aliileta kutoka Misri, chama cha Ikhwani Safaa kikaasisiwa mwaka 1905, na nyimbo zake zilikuwa za Kiarabu. Siti, pamoja na wenziwe akina Subeti Ambari, Maalim Shaaban na Mbaruku, aliitia Kiswahili, na pamoja na Kiswahili yakaingia mambo ya watu wa Ng'ambo. Mwaka 1928 walikwenda Bombay wakarekodiwa na kampuni ya His Master's Voice. Hakuna mwanamke wa Afrika Mashariki aliyetangulia kurekodiwa kabla yake. Sahani zile zilipigwa katika santuri za mikahawani pwani yote na bara, na watu ambao hawangekaribishwa kasrini wakaisikia lugha yao ikitoka katika mashine ya Kizungu.

Mwaka huohuo wa 1928 wakaazi wa Ng'ambo walikuwa wakigoma kulipa kodi ya ardhi waliyojengea vibanda vyao. Nautaja mgomo huo ili msomaji ajue nyimbo zile zilisikilizwa na watu gani, na katika hali gani. Wimbo wa "Kijiti" unatosha kuwa ushahidi. Unasimulia mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyeuawa hapa Unguja. Mwuaji alivuka bahari akatoroka, na adhabu ya mahakama ikawaangukia wanawake waliokuwa pamoja na marehemu. Aliyeua yuko bara, waliolia wako jela. Hapakuwa na gazeti la Kiswahili la kuisema aibu hiyo kwa sauti ya kutosha, wala mwanamke maskini hakuwa na wakili. Wimbo ulifanya kazi ya rufaa: kesi iliyofungwa mahakamani ikafunguliwa upya katika masikio ya watu, usiku baada ya usiku.

Walikuwapo waliomdhihaki kwa ufukara wa kwao, kwa vyungu alivyouza na kwa sura yake. Aliwajibu kwa wimbo, kwamba uzuri hauko usoni wala katika nasaba. Jina la Siti, maana yake bibi mwenye heshima, alilipewa ukubwani, na kwa kazi yake akalistahiki hata jina la Mtumwa likasahaulika.

Hapa ndipo njia za watu hawa wawili zinapokutana. Siti alipokuwa mzee, karibu na mwisho wa maisha yake, Shaaban Robert alionana naye akamhoji. Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. *Wasifu wa Siti binti Saad* ulitoka mwaka 1958 katika jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, na baadaye ukawa kitabu kilichosomwa na vizazi vya wanafunzi.

Nimejaribu mara nyingi kuiwazia baraza ile. Mwanamume aliyemtungia bintiye utenzi mzima wa maagizo ameketi mbele ya bibi mzee. Safari hii yeye ndiye mwenye wino na karatasi. Yeye ndiye aliyekaa mahali pa Mwana Hashima. Mwanamke anasema, na baba wa mabinti anaandika.

Naona jibu la swali la binti yangu limo katika kikao kile. Kati ya Maisha Yangu na Wasifu, Shaaban Robert alichapisha *Kusadikika*, mwaka 1951. Mshitakiwa Karama anasimama mbele ya baraza, Waziri Majivuno anamtaka afe, na kitabu chote kinategemea jambo moja dogo: kwamba Karama apewe nafasi ya kujitetea na wakubwa wanyamaze wamsikilize. Mwandishi aliyeishi chini ya serikali isiyomsikiliza alijua kwamba haki huanzia sikioni, na kwamba hukumu iliyotangulia masikizo ni dhuluma hata ikiwa imeandikwa kwa hati nzuri. Aliyeyajua hayo juu ya serikali hakuweza milele kutoyajua juu ya nyumba yake.

Sisemi kwamba aliikana Hati. Hakuikana, wala sioni sababu ya kuikana. Ni maneno ya baba aliyefiwa, mwenye hofu, na hofu ya mzazi nayo ni sura ya mapenzi. Lakini usia ni nusu ya malezi. Nusu ya pili huja mwana akishakua, na mzazi akakubali kuondoka kwenye kiti cha msemaji. Shaaban Robert aliiandika nusu hiyo kwa kumwandika binti wa mtu mwingine, pengine kwa sababu ni rahisi kuiona haki ya binti wa Saad kuliko haki ya binti yako mwenyewe. Udhaifu huo naujua vizuri. Mimi nimemsifia Bi Siti katika mikutano ya washairi kwa miaka mingi, na aliponijia Siti wa nyumbani kwangu nilimfungulia kitabu cha maagizo.

Shaaban Robert alifariki Juni 1962, miezi michache baada ya Tanganyika kupata uhuru, akiwa na miaka hamsini na mitatu. Siku hizi ni mtu mdogo kwangu kwa umri. Huo ndio ukumbusho mwingine ambao kitabu chake hunipa kila ninapokirudisha kabatini: kwamba muda wa kusikiliza nao una mwisho.

Basi jioni moja nilimwita binti yangu barazani, nikamwambia: "Mwanangu, nimekusomea ya wenzetu kiasi cha kutosha. Leo niimbie, mimi nitakaa kimya." Alinitazama kidogo, akauliza kwanza kama dawa ya presha nimekunywa. Nilipokiri kwamba bado, akaingia ndani akaniletea pamoja na maji, akangoja hadi nimeze. Kisha akaketi, akaanza.