Nani Anasimama Kando ya Mizani?

Historia ya Mwanza, ndugu msomaji, ukiipekua vizuri utakuta ni historia ya mizani. Samaki wanapimwa, dhahabu inapimwa, na zamani zaidi ya vyote ilipimwa pamba. Sisi tuliomaliza kidato cha nne tukabaki kijiweni na madaftari ya riwaya zetu, tulikaririshwa tarehe za vita na majina ya magavana. Habari za mizani tulizisikia kwa wazee. Na hapo kwenye mizani ndipo wazee walipopigana vita vyao.

Enzi za Mwingereza mkulima wa Usukuma alilima pamba, akaichuma, akaisafirisha hadi gulioni. Bei ilikwisha tangazwa na serikali. Kwenye karatasi, basi, makubaliano yalikuwa safi. Lakini mizani ilikuwa ya mnunuzi, na aliyesoma ratili alikuwa karani wa mnunuzi. Mkulima alisimama pembeni akangoja kutajiwa jumla. Akihisi kupunjwa, atabisha kwa ushahidi gani?

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Paul Bomani na wenzake waliokuwa wakiwaunganisha wakulima wa Jimbo la Ziwa walianza na jambo linaloonekana dogo: wakulima wawe na watu wao wa kusimama kando ya mizani na kuhakiki uzito. Basi! Kutoka hapo vyama vya msingi vikachipuka, na mwaka 1955 likaundwa shirikisho lililojulikana kwa herufi VFCU, Bomani akiwa meneja wake mkuu. Wakulima wakafikia kununua pamba yao wenyewe na kumiliki viwanda vya kuichambua.

Sasa utaniuliza, bwana mwandishi, mizani ya miaka ya 1950 inatuhusu nini sisi wa zama za kompyuta? Inatuhusu, maana imekuja mizani nyingine.

Katika miaka ya 1990 Mmarekani Nick Szabo aliandika juu ya mkataba ulioandikwa kama programu, unaojitekeleza wenyewe. Masharti yakitimia, malipo yanatoka, hakuna karani wala hakimu. Mwaka 2015 mtandao wa Ethereum ulianza kazi, na ndoto hiyo ikapata mahali pa kuishi. Ndani yake mna mashine ya kufikirika: kompyuta isiyo na chuma, iliyotengenezwa kwa programu tupu, inayosoma mkataba amri moja baada ya nyingine.

Mashine hiyo unaweza kuiendesha peke yake juu ya meza yako, kwenye dirisha jeusi la kuandikia amri, bila kugusa fedha ya mtu. Jirani yangu mmoja hapa mjini, fundi wa programu, alinionyesha. Aliandika tarakimu hizi: 6002600301. Mimi niliona namba ya simu iliyokosewa. Yeye akanisomea: 60 ni amri ya kuweka kitu juu ya rundo, 02 ndicho kitu chenyewe, tena 60, tena 03, mwisho 01, maana yake jumlisha viwili vya juu. Akaiambia mashine itaje kila hatua. Ikaorodhesha: amri ipi inatekelezwa, rundo lina nini, na gesi kiasi gani imeliwa. Gesi ndiyo gharama ya kazi. Hapa kila amri ilikula 3, jumla 9, na juu ya rundo ikabaki 5.

Mbili na tatu ni tano, mtoto wa chekechea anajua. Lakini mimi nilichokiona pale ni mpimaji wa gulioni! Anasimama kando, haondoi jicho, anatajiwa kila ratili na siyo jumla peke yake. Kusaka kasoro katika mkataba wa namna hii ni kazi hiyohiyo: unaupitisha mahali pasipo na hasara, hatua kwa hatua, kama mtu anayejaribu mizani kwa jiwe analolijua uzito kabla soko halijafunguliwa.

Na asipokuwapo mpimaji? Mwaka 2016 watu walichanga zaidi ya dola milioni 150 katika mfuko ulioitwa The DAO, ukiongozwa na mkataba wa aina hii. Mkataba ule ulimpa mtu fedha kwanza, ndipo ukapunguza salio lake. Yaani karani anakupa noti, na kabla hajashika kalamu unanyoosha mkono tena, naye anakupa tena. Tarehe 17 Juni 2016 mtu akaunyoosha mkono hivyo mpaka zikahama etha kama milioni 3.6. Mashine haikukosea hata amri moja. Ilitekeleza kilichoandikwa, si kilichokusudiwa. Tarehe 20 Julai ikabidi watu wenyewe wakubaliane kugeuza kumbukumbu, na waliokataa wakabaki na mtandao wao.

Wazee wa Mwanza wasingeshangaa. Ushirika wao nao ulipata wadudu ndani: mwaka 1966 tume ya serikali ilikuta ubadhirifu na upendeleo katika vyama vya ushirika nchini, na mwaka 1976 vyama vikuu vikavunjwa, hadi vilipofufuliwa miaka ya 1980. Mpimaji naye anahitaji kupimwa, jamani.

Novemba 2019 Benki Kuu iliwaonya Watanzania wasijiingize katika sarafu za mtandaoni. Juni 2021, akifungua jengo la Benki hiyo hapahapa Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka ijiandae kwa sarafu hizo. Kwa hiyo mambo haya si ya Ulaya peke yake. Ipo siku mtu atashuka mwaloni na mkataba unaojitekeleza wa dagaa, au atapanda Magu na Kwimba na wa pamba, na atasema kwa sauti tamu kwamba kompyuta haidanganyi.

Ni kweli, haidanganyi. Hata mizani ya chuma haikudanganya. Ilifuata mkono ulioitengeneza. Swali la kumuuliza mgeni huyo ni lile la mwaka 1950 na kitu: tunaruhusiwa kuweka mtu wetu kando? Na sisi vijana wa kalamu tujiulize letu: mtu huyo yuko wapi, na nani anamfundisha kusoma?