Marina City: Minara ya Chicago Iliyoasisiwa na Watunza Majengo

Miaka ya 1950 wakazi wengi wa Chicago wenye kipato cha kati, hasa Wazungu, walikuwa wakihamia vitongojini. Katikati ya jiji palibaki ofisi na maduka, na giza likiingia mitaa ilikuwa mitupu. Waliotishika zaidi walikuwa watunza majengo: wafagiaji, walinzi na waendesha lifti. Watu wakihama, kazi nazo zingekwisha. Chama chao, kikiongozwa na William McFetridge, kikaamua kuweka fedha zake katika ujenzi wa nyumba za kupanga katikati ya jiji, kando ya Mto Chicago.

Kazi ya kuchora ilipewa Bertrand Goldberg, msanifu aliyewahi kusoma katika shule ya Bauhaus nchini Ujerumani. Ujenzi ulianza mwaka 1960, na wapangaji wa kwanza wakaingia 1962. Kwa wakati huo hapakuwa na jengo la makazi refu kuliko minara hiyo miwili duniani: ghorofa 65, mita 179 kwenda juu.

Goldberg aliyakataa majengo ya umbo la sanduku. Katikati ya kila mnara alisimamisha nguzo kubwa ya zege, nene na ya mviringo, yenye lifti na ngazi ndani yake. Vyumba vimeizunguka pande zote. Ukiingia kwenye fleti, jiko na bafu viko upande wa nguzo. Kadiri unavyosonga mbele chumba kinapanuka, hadi unatokea kwenye roshani ya nusu duara inayotazama jiji. Kwa roshani hizo zilizopangana, minara imebandikwa jina la mahindi.

Ghorofa 19 za chini ni maegesho yanayopanda kwa kuzunguka, na magari huegeshwa na wahudumu, si wenyewe. Sehemu ya kufulia iko ghorofa ya 20. Fleti zinaanzia ya 21. Chini kabisa, mtoni, kuna gati la boti. Mradi ulikuwa pia na maduka, ukumbi wa maonyesho, ukumbi wa mchezo wa bolingi, uwanja wa kuteleza kwenye barafu na jengo la ofisi. Goldberg alitaka mtu aishi, afanye kazi na aburudike bila kutoka nje ya kiwanja kimoja.

Mwaka 1977 fleti zilianza kuuzwa mojamoja, na waliokuwa wapangaji wakapata nafasi ya kuwa wamiliki. Ukumbi wa maonyesho sasa ni wa muziki, na jengo la ofisi ni hoteli. Mwaka 2016 jiji likaitangaza Marina City kuwa urithi unaolindwa kisheria.

Leo katikati ya Chicago kumejaa minara ya makazi. Wasanifu husifiwa kwa hilo, na wanastahili. Lakini sifa ya kwanza ni ya wafagiaji na waendesha lifti, walioweka akiba yao palepale ambapo wengine walikuwa wakipakimbia.