Kibanja, Kikamba na Rweya: Ardhi ya Kilimo Pembezoni mwa Mji wa Bukoba

Ardhi ya kilimo ya Wahaya, mkoani Kagera, hugawanywa kwa desturi katika aina tatu. Kibanja ni shamba linaloizunguka nyumba, lenye migomba, mibuni, maharage na miti ya matunda vilivyochanganywa. Kikamba ni ardhi iliyochoka, mara nyingi kibanja cha zamani, ambayo sasa huotesha mihogo, viazi vitamu na mahindi. Rweya ni uwanda wa nyasi nje ya makazi: malisho ya ng'ombe, chanzo cha nyasi za kuezekea na kutandaza shambani, na mahali pa misiri, yaani vishamba vya muda vya njugumawe na mihogo.

Kinachozitenganisha aina hizi ni rutuba kuliko mazao. Mvua nyingi za kando ya Ziwa Viktoria huchuja virutubisho vya udongo, hivyo udongo wa asili ni dhaifu. Weusi wa udongo wa kibanja ni kazi ya watu, si ya maumbile: samadi, majivu, maganda na nyasi za rweya, vizazi kwa vizazi.

Manispaa ya Bukoba, yenye kata kama Kibeta, Nyanga na Kitendaguro, ilikuwa na watu 128,796 katika sensa ya 2012. Mji hutwaa ardhi kwa njia mbili. Ya kwanza ni kupima viwanja kwenye rweya, ambayo haina migomba wala mibuni ya kuhesabiwa katika fidia. Ya pili ni kumega kibanja, kwa urithi kisha kwa kuuza. Njia hii huenda polepole, kwani kibanja ndimo yalimo makaburi ya ukoo. Pengine makaburi hayo yamelinda migomba kuliko ramani yoyote ya mipango miji.

Athari kwa chakula hutofautiana. Kibanja kikimegwa, hupungua ndizi, chakula kinachovunwa mwaka mzima. Kikamba kikijengwa, huondoka akiba ya mihogo, ambayo kaya huitegemea migomba inaposhambuliwa na mnyauko wa bakteria, ugonjwa ulioingia Kagera katika miaka ya 2000. Rweya ikijengwa, hasara haionekani upesi, lakini ndiyo pana zaidi: ng'ombe hukosa malisho, na vibanja ambavyo havikuguswa kabisa hukosa samadi na matandazo. Takwimu za ekari zilizojengwa haziionyeshi hasara hiyo. Ili kuifidia, mfugaji wa mjini hufunga ng'ombe bandani na kuwakatia majani. Asiye na ng'ombe hununua samadi.